Fundi Anajibu: Jinja hadi Mbale kwa baiskeli, na barua nyingine za safari ndefu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mtu amezoea kuzunguka karibu na nyumbani, sasa anataka kwenda mbali. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mengi yaliyomo yanawahusu wote mlioandika.

Shikamoo fundi. Nina miaka 34, naishi Walukuba hapa Jinja, nafanya kazi kiwandani kwa shifti. Jumapili huendesha baiskeli hadi Kakira au Magamaga, na mwili hauna taabu. Mwezi uliopita nilikwenda Iganga na kurudi, kama kilomita 80. Kwenda nilikwenda kwa kasi sana, nikageuza Iganga bila kusimama. Kurudi, nilipofika Magamaga miguu iligoma. Mikono ilitetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikakaa chini ya mti nikiwa karibu kulia, mtu mzima mimi. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi tu, maana sipendi kuendesha tumbo likiwa zito. Mwezi wa kwanza nataka kwenda Mbale kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Wenzangu wanasema kilomita 145 ni za wanaoshindana, si za mtu wa kujifurahisha. Ni kweli? Na nifanye mazoezi gani ya kukaza miguu? — Kijana wa Walukuba

Marahaba, mwanangu. Mbale utafika, na dada yako atakupokea ukiwa unacheka. Wenzako waache. Barabara ile naijua, nimeipita kwa baiskeli ya kila aina, na nakwambia kwamba miguu yako haina kasoro hata kidogo. Kilichokuangusha Magamaga ni njaa.

Misuli na ini huhifadhi akiba ya sukari, wataalamu huiita glaikojeni. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo hukutosha saa moja na nusu, pengine mbili. Wewe ulilala usiku kucha bila kula, ini likawa limeshatumia sehemu yake, ukaamka ukaongeza chai ya rangi, ukatoka mbio. Mafuta ya mwili unayo, hata mtu mwembamba anayo ya kutosha siku nyingi, lakini mafuta huungua polepole na hayawezi kubeba mwendo wa kasi peke yake. Na ubongo nao unategemea sukari hiyohiyo. Ndiyo maana ulitetemeka, ukatoka jasho la baridi, ukataka kulia. Si udhaifu wa moyo. Ungepata soda moja na kipande cha mkate pale chini ya mti, baada ya dakika ishirini ungeinuka ukafika nyumbani mwenyewe.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalokupa ni la mdomo. Kula kabla hujasikia njaa. Anza nusu saa baada ya kuondoka, kisha kila nusu saa kidogo kidogo, mpaka ufike. Kwa saa moja mwili wa mwendeshaji hutaka gramu 30 hadi 60 za wanga na sukari. Ndizi mbivu moja ya ukubwa wa kati ina kama gramu 25, basi ndizi mbili kwa saa zimekuweka mahali pazuri. Chakula ninachokipenda kuliko vyote ni kabalagala. Kimepondwa kwa ndizi tamu na unga wa muhogo, hakivunjiki mfukoni, hakimwagiki, na unaweza kukitafuna huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Nunua zile ndogo zilizokauka vizuri, zifute mafuta kwa karatasi, zifunge mbilimbili katika vifurushi vidogo ili usihangaike kufungua mfuko mkubwa barabarani. Weka mfuko wa nyuma wa shati au kwenye kimfuko mbele ya usukani. Nasisitiza mahali mkono unapofika, kwa sababu chakula kilichofungwa nyuma kwenye keria hutakila. Utajiambia ngoja nifike pale mbele, ngoja nimalize kilima hiki, na saa inapita.

Roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai) na kikomando (chapati na maharage) viache mpaka utakaposimama kwa muda mrefu. Ni vyakula vizuri, lakini mafuta ya chapati hukaa tumboni, na ukikanyaga juu yake utajisikia kutapika. Nyama choma kando ya barabara ndiyo kabisa, ngoja ukifika.

Kuhusu tumbo zito asubuhi: tumbo nalo hufundishwa. Anza Jumapili hii kwa kikombe cha uji wenye sukari saa moja kabla ya kutoka. Wiki inayofuata ongeza vipande viwili vya mkate au muhogo wa kuchemsha. Baada ya mwezi tumbo litakuwa limekubali. Jambo la kutofanya ni kujaribu chakula kipya siku ya safari yenyewe.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu lita kwa saa, kutegemea jua. Mwezi wa kwanza ni kiangazi, kwa hiyo kadiria robo tatu. Lakini usijaze tumbo kwa maji matupu siku nzima, maana jasho hutoka na chumvi, na mtu akinywa maji mengi mno bila chumvi hupata kichwa kuuma, kichefuchefu, hata kuchanganyikiwa. Chupa moja iwe maji ya kawaida, ya pili itengeneze hivi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazishwa. Ni mchanganyiko uleule ambao mama zetu wamefundishwa zahanati kwa watoto wanaoharisha. Kamulia ndimu ukipenda ladha.

Sasa mwendo. Ulitoka Jinja kwa kasi kwa sababu miguu ilikuwa imelala vizuri na hewa ni baridi. Saa ya kwanza hudanganya kila mtu. Kipimo changu ni mazungumzo: ikiwa huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza. Kwenye baiskeli yenye gia, badilisha mapema, kanyaga wepesi na haraka, mizunguko 80 hivi kwa dakika, badala ya kusukuma gia nzito. Gia nzito hula misuli na huumiza magoti. Ukienda kilomita 20 kwa saa, safari yako ni saa saba na robo za kukanyaga. Ongeza saa moja na nusu ya kupumzika. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukiwa umeshafika, unaingia Mbale saa tisa na robo alasiri. Hilo si jambo la mashindano hata kidogo.

Mazoezi yenyewe ni rahisi. Safari moja ndefu kwa wiki, iongeze polepole: 80 uifanye tena, safari hii ukila, kisha 95, kisha 110. Wiki ya nne pumzika, endesha fupi tu. Halafu 120. Mtu aliyemaliza 120 akiwa bado na hamu ya kula na kuongea, 145 hazimtishi. Katikati ya wiki, shifti ikikuruhusu, endesha saa moja mara mbili. Ukitoka shifti ya usiku lala, usiendeshe. Usingizi barabarani unaua.

Na barabara, hapa nataka unisikilize zaidi kuliko mahali pengine pote. Kipande kigumu cha safari yako ni cha kwanza. Kutoka Bugembe, Wairaka, Kakira, Magamaga, Musita mpaka Iganga, uko kwenye njia moja na malori yote yanayotoka Malaba na Busia kwenda Kampala, na karibu na Kakira kuna matrekta yanayovuta matela ya miwa. Ukishapita Iganga utafika Nakalama, pale barabara inapogawanyika. Malori ya mpakani yanaendelea na njia ya Bugiri, wewe unashika kushoto, njia ya Tirinyi. Kuanzia hapo magari hupungua na nchi inakuwa tambarare: Namutumba, bonde la Mpologoma lenye mpunga pande zote, Tirinyi, Budaka, Kamonkoli, halafu unauona ukuta wa mawe wa Wanale umesimama juu ya mji. Kilima cha kukutoa machozi hakuna. Kuna upepo, hasa pale bondeni mchana, na ukikupiga usoni usishindane nao. Inama, punguza gia, kubali kwenda kilomita 15 kwa saa.

Kwenye kipande cha malori panda nje ya mstari wa pembeni kila penye nafasi. Hatari kubwa haitoki nyuma peke yake. Basi linalokuja mbele yako likiamua kumpita mwenzake, litachukua upande wako lote, na dereva akikuona anahesabu kwamba wewe ndiye utakayetoka. Toka. Shuka kwenye changarawe, simama, acha lipite, rudi. Nimezika watu wa baiskeli ambao haki ilikuwa yao. Vaa kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana, taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana.

Hapo pembeni penye usalama ndipo penye adui mwingine, nyuzi za chuma. Lori likipasukiwa tairi, vipande hubaki kando ya barabara, na ndani yake kuna waya mwembamba kuliko sindano. Unaingia kwenye tairi lako, unasafiri nao kilomita kadhaa, halafu upepo unaisha taratibu. Mtu anatoa tyubu, anabandika kiraka, anapuliza, anaenda, na baada ya kilomita mbili pancha tena palepale, kwa sababu waya bado umo. Ukipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa. Usitumie kidole kitupu, utakatika. Ung'oe waya kwa koleo ndogo, au hata kwa kikata kucha, kisha ndipo ufunge. Beba tyubu mbili nzima, viraka na solusheni ambayo haijakauka (ibonyeze dukani kabla ya kulipa), vijiti viwili vya kufungulia tairi, pampu, na spana ya ekseli kama gurudumu lako halina kifungo cha kufungua kwa mkono. Simu ijae chaji na iwe na pesa kidogo ya kulipia taksi ikibidi.

Simama Iganga upate chai ya maziwa na kitu cha kutafuna. Simama tena Namutumba, na Tirinyi kaa nusu saa kivulini, ule vizuri. Ukifika Kamonkoli utatamani kukaza mwendo, usifanye hivyo, kuna watu wengi na boda zinakatiza. Kurudi Jinja usipande siku ileile. Lala kwa dada siku mbili, kisha weka baiskeli juu ya taksi, umtazame kondakta anavyoifunga, na mwambie asiilaze upande wa cheni.

Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi Tororo, nina watoto wawili. Naenda kazini kwa baiskeli na siku za mapumziko tunaendesha na mwenzangu hadi Malaba au Nagongera. Tukipita saa mbili vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, na sehemu ya kukalia inaniuma kiasi kwamba kesho yake sikai. Nilinunua kiti kinene chenye sponji lakini ndiyo kikazidisha. Navaa gauni refu. Je, mwili wa mwanamke hauwezi safari ndefu, kama anavyosema mama mkwe? — Mama wa watoto wawili

Waaleikum salaam, dada yangu. Mama mkwe mheshimu, lakini kwa hili amekosea. Mwili wako unaweza, baiskeli ndiyo haijakaa sawa.

Kidole kidogo na jirani yake hupata hisia kupitia mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa nje. Ukiulalia kwenye usukani kwa saa mbili, unakufa ganzi. Mara nyingi sababu ni kiti kilichoinamishwa mbele: mwili unateleza, mikono inaubeba. Weka kiti kiwe bapa, tumia hata chupa ya maji iliyolazwa juu yake uone kama inabingirika. Kisha lainisha viwiko, na kila dakika kumi badilisha unavyoshika. Ganzi isipoondoka siku ya pili baada ya kupumzika, muone daktari kazini kwako.

Kiti kinene kinakuumiza kwa sababu sponji laini huzama pale penye mifupa, halafu hupanda na kubana pale pasipo na mfupa. Tafuta kiti kigumu kiasi, kipana nyuma, chenye mfereji katikati. Wanawake wengi huhitaji upana zaidi ya wanaume kwa sababu mifupa ya kukalia iko mbali zaidi. Ndani ya gauni vaa kaptula ya baiskeli yenye pedi, bila chupi ndani yake, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Paka mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana kabla ya kutoka, na ukifika vua, oga, vaa kavu. Kila robo saa simama juu ya pedeli kwa sekunde ishirini damu ipite.

Gauni refu ni sawa, ila pindo lisifike kwenye spoki. Funga mpira mpana juu ya goti, au vaa suruali pana chini na gauni fupi la kufika magotini. Na baiskeli yako iwe na kifuniko cha cheni. Nimekata nguo za watu kwenye cheni kwa mkasi, wengine wakiwa bado wameanguka chini.

Fundi, baiskeli yangu ni ile nzito ya chuma, gia moja, breki za vyuma vya kuvuta. Naweza kwenda kilomita 100 nayo, au nisubiri niwe na pesa ya baiskeli nyembamba? — Msomaji, Busia

Usisubiri. Unaishi katika mji ambao vijana walianza kubeba watu kwa baiskeli za namna hiyohiyo miaka ya 1960, wakiwavusha kati ya mpaka na mpaka, na jina la boda boda likatoka hapo. Kilomita 100 kwa mwendo wa 14 au 15 ni saa saba. Vilima vikali shuka, sukuma.

Nakuomba mambo mawili tu. Kwanza kiti: watu wengi hukiweka chini mno ili miguu yote ifike ardhini, halafu magoti yanauma kwa mbele. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hapo ndipo. Maumivu yakiwa nyuma ya goti, kiti kiko juu, kishushe kidogo. Pili breki: rimu ya chuma ikilowa, breki karibu haishiki. Mipira yake ibadilishe sasa, na mvua ikianza usishuke mteremko kwa kasi ukitegemea kwamba utasimama.

Ndugu fundi, nimestaafu, nina miaka 61, niko Bombo. Tangu niyaone mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kuja Afrika, nimetoa baiskeli yangu stoo. Nafika Wobulenzi na kurudi bila shida. Je, kilomita 200 kwa siku ni ndoto kwa umri wangu? — Mstaafu

Mzee wangu, si ndoto. Wale wa Kigali wanashindana, wewe tazama desturi nyingine. Kuna safari za masafa ambazo hakuna mshindi, mtu anapewa kadi, anagongewa muhuri vituoni, na anatakiwa tu kumaliza ndani ya muda. Kwa kilomita 200 muda ni saa 13 na nusu, pamoja na kula na kupumzika. Piga hesabu, utaona ni chini ya kilomita 15 kwa saa. Ile kubwa kuliko zote huko Ufaransa, Paris–Brest–Paris, ilianza mwaka 1891, sasa ni kilomita 1,200 na ukomo wake ni saa 90, na kila mara wamo watu wa miaka 60 na 70 wanaoimaliza.

Kabla ya yote nenda kapime presha, sukari na moyo, umweleze daktari unachokusudia. Ukiendesha ukasikia kifua kinabana, au pumzi inakatika kuliko kilima kinavyostahili, shuka na uende hospitali siku hiyohiyo. Ukipewa ruhusa, fuata ngazi niliyompa kijana wa Walukuba, ila kila hatua ifanye kwa wiki mbili, maana misuli yetu sisi wa umri huo hupona polepole. Kwa mazoezi, ukifika Wobulenzi achana na njia ya Gulu yenye mabasi, kata kulia kwenda Ziroobwe. Ni lami, na ni tulivu zaidi. Rudi kwa njia hiyohiyo kabla jua halijakuwa kali, na usiache barua yako iwe ya mwisho: niandikie ukishafika 100.